Mtoto wa wiki 12 na likizo inaisha: nimpeleke kwa mama anayelea watoto nyumbani kwake?

Binti_wa_Voi:

Assalam alaykum na habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Voi nimeolewa huku Lamu, naishi Langoni, na kazi yangu iko Mokowe ofisini kwa hivyo kila siku ni boti kwenda na boti kurudi. Nimejaaliwa mtoto wa kike alhamdulillah, sasa ana wiki 12, na ile miezi 3 ya likizo ya uzazi tuliyopewa na Sheria ya Ajira inaniishia mwisho wa mwezi huu. Nimekuwa nikihesabu siku usiku wa manane nikimnyonyesha.

Mama mkwe angenisaidia lakini yuko Faza na miguu yake haimruhusu tena, mamangu yuko Voi na bado ana wadogo zangu wa shule. Mume wangu ni mtu wa baharini akitoka hurudi baada ya siku mbili tatu. Kwa hivyo nimebaki na njia mbili. Ya kwanza nitafute yaya akae na mtoto kwangu, lakini sisi tuko ghorofani chumba na ukumbi, msichana atashinda peke yake na mtoto mchanga toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja na mimi nko ng'ambo ya maji. Ya pili kuna mama hapa kichochoro cha nyuma, mtu mzima kidogo, analea watoto wanne wa watu nyumbani kwake na wake wa mwisho anakuwa wa tano. Hana bango, hana yunifomu, ni nyumba ya watu tu, ukipita unasikia watoto na harufu ya tui.

Nilienda Jumatatu nikakaa kama nusu saa. Nilimkuta amekalia mbuzi anakuna nazi, katoto ka mwaka na kitu kamekaa kando kanaokota nazi inayoanguka nje ya sinia na kuiweka kwenye kibakuli chake, na wakubwa wawili wamepewa uteo wa mchele wachague mawe, basi wao wanatupa mchele wanaacha mawe. Hakuwagombeza. Alimshika mmoja mkono akamwambia "hebu angalia, hili laliwa?" na yule mtoto akalitia jiwe mdomoni akalitema akacheka akaanza kuchagua upya. Nikapenda, sitawaficha.

Lakini nikirudi nyumbani roho inanidunda. Wenzangu ofisini wananiambia ati mtoto akilelewa hivyo hatajua kitu, bora nasari ya kulipia, na nasari zenyewe ninazozijua mimi hapa hazichukui mtoto wa miezi 3. Naogopa birika la maji la chooni, naogopa ngazi, na naogopa sana atamzoea yeye kuliko mimi. Anataka 200 kwa siku. Nyinyi mliolelewa hivyo ama mnaolea naombeni mnieleze.

Mzalendo_Kizingitini:

Mpeleke. Yaya peke yake na mtoto mchanga na wewe uko Mokowe, hapana. Na hiyo ya atamzoea yeye isikuumize, mtoto akipendwa na wawili hapungukiwi.

Mama_Yusra_Mkomani:

Waalaykum salaam mwanangu na hongera. Mimi siye huyo mama wa nyuma ya kwako, mimi niko Mkomani, lakini kazi ni hiyo hiyo na huu ni mwaka wangu wa 9. Nilianza na mtoto wa shoga yangu alipopata kazi ya ualimu, akaja wa jirani, mara nikajikuta nina wanne na mimi mwenyewe nanyonyesha.

Nikuelezee siku yangu ilivyo ndio uone. Wa kwanza huletwa saa kumi na mbili na nusu chai haijachemka, babake humbeba begani bado amelala, namlaza pale kwenye kitanda cha kamba ndani ya chandarua anamalizia usingizi wake. Anayelala saa tatu alale, wa saa tano alale, usingizi wa mtoto mdogo haufuati ratiba ya mtu. Wakiamka tunakaa kiwandani, manake nyumba yangu ni ya kale ina uwanja wa ndani, jua linaingia na mlango umefungwa. Punda wa mizigo wakipita kichochoroni wanasikia kwato wote wanakimbilia mlango, tunatoka dakani nawapandisha kwenye baraza tunawahesabu, mmoja, wawili, watatu, huyu amebeba mchanga, huyu simiti, huyu hana kitu anaenda nyumbani kula. Wangu wa miaka 4 amejua kuhesabu mpaka ishirini na punda hao hao.

Alafu ni jikoni. Wenye kutembea wana kazi zao, mmoja analeta vitunguu kimoja kimoja, mmoja ana vifuu vyake na mchanga anapika pilau lake pale pembeni na lazima nilionje. Mtoto anapenda kuwa mahali penye shughuli. Ukimpa kitu cha kuchezea atacheza dakika tano, ukimpa kazi ya kweli hata ya kushika kitambaa anahisi nyumba haiendi bila yeye.

Nataka nikuambie kisa kimoja. Kuna mtoto aliletwa na miaka 2 hajatamka neno, kwao alikuwa akiwekwa mbele ya tivi toka asubuhi kwa sababu aliyeachiwa alikuwa na kazi nyingi za nyumba. Sikumfanyia dawa yoyote. Nilimkalisha karibu yangu nikipika, kila nikishika kitu nakitaja, hii kata, huu mwiko, hiki kifuu, nazi imekwisha tuvunje nyengine, naongea naye kama mtu mzima nangoja kidogo kama atajibu alafu naendelea. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili akaanza kunipa kitu nikikitaja. Siku moja nimeweka changu wawili kwenye sinia nikageuka nichukue ndimu, paka akaruka, na yule mtoto akapiga ukelele "paka! samaki! paka!" Nilikaa chini nikalia wallahi. Changu mmoja alienda na paka na wala sikumfuata. Jioni mamake alipokuja nilimwambia uliza huyu leo kimetokea nini, na mtoto akasema tena. Huyo mama alikuja na mahamri siku ya pili yake asubuhi, hakuweza hata kuongea.

Sasa wewe wa boti hili nakuambia haswa. Kusi likivuma boti zinachelewa unajua mwenyewe. Mahali penye geti la kufungwa saa kumi mtoto wako utamkuta kakaa na askari. Kwangu mama akichelewa mtoto anaoga na wangu, anavaa gauni la Yusra, anakula tulichokula, anangoja. Mara ngapi nimewalaza mpaka baada ya Isha, na sijawahi kumdai mtu shilingi ya kuchelewa kwa sababu ya bahari.

Ile hofu ya kukuacha, mwachie kanga uliyolala nayo usiku. Usiifue. Alazwe juu ya kanga hiyo iliyokunjwa vizuri akiwa macho na anaangaliwa, harufu yako inamtuliza. Ukiingia mlangoni jioni utaona miguu yake itakavyoruka, mimi naangaliwa hivyo na wangu tu, hawa wengine wananipenda lakini ile ya miguu ni ya mama.

Uchungu upo pia nisikufiche. Watu wanaona ni kukaa tu. Mtu anakata siku mtoto aliyokosa lakini uji nimeshapika. Mwengine analeta mtoto ana homa amemnywesha dawa asubuhi ili isijulikane, mpaka saa tano dawa imeisha nguvu wote wanne wameambukizwa. Nikiomba kitu kwa wazazi ni hicho, uniambie ukweli mlangoni.

Abuu_Shela:

Naheshimu sana aliyoandika mama hapo juu na machozi yamenilenga lakini naomba niseme upande mwengine, huyu dada asije akafikiri kila nyumba ni hivyo. Mtoto wangu wa kwanza tulimpeleka kwa mtu nyumbani, sitasema mtaa wala jina. Tuliambiwa watoto watano. Jioni tukimchukua amelegea, nepi imejaa, kijana hataki kula anataka kulala tu, mke wangu akasema labda ni meno. Siku moja kazi iliisha mapema nikapita saa sita bila kumwambia mtu. Nikahesabu watoto 11. Msichana wa miaka kama 14 ndiye aliyekuwa nao, mwenye nyumba ametoka, tivi iko juu katuni zinapiga kelele na watoto wote wamekalishwa ukutani kama watu wangojao daktari. Wangu alikuwa na nepi niliyomfunga mimi mwenyewe saa moja asubuhi, naijua kwa sababu niliifunga vibaya upande mmoja.

Sikugombana. Nilimbeba nikaondoka na nilitembea naye ufukweni mpaka nikatulia. Mpaka leo nikikumbuka ile nepi moyo unauma, manake mtoto hawezi kukueleza.

Wa pili yuko kwa mama mwengine hapa Shela, watoto watatu tu, na tofauti ni mbingu na ardhi. Dada, hesabu vichwa. Nenda bila taarifa, mara moja asubuhi na mara moja saa nane wakati mlezi amechoka. Anayekukaribisha ndani jasho likimtoka na nyumba iko shaghalabaghala huyo ana kazi na watoto. Anayekusimamisha mlangoni muogope.

Mama_Yusra_Mkomani:

Baba pole sana, na mtoto pole. Ulilosema ni kweli na sisi wengine linatuumiza maradufu kwa sababu jina linaharibika la wote. Mimi kipimo changu ni kimoja tu, ukitokea moto nitashuka na wangapi? Mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wawili mkononi, na mkubwa ananishika buibui. Basi. Wa sita akija namwambia mamake nafasi hakuna hata akinipa mara mbili, na mchanga asiyetembea sichukui wawili kwa wakati mmoja. Kuna siku nimemkatalia binti ya dadangu mwenyewe na alininunia mwezi mzima.

Nesi_wa_Pwani:

Nimesoma yote naomba niongezee ya kiafya manake nko kliniki na hawa watoto ndio nawaona kila wiki. Binti wa Voi hebu fungua kile kitabu cha mama na mtoto uangalie tarehe. Kama ana wiki 12 sasa ina maana sindano ya wiki 14 inaangukia siku zako za kwanza kazini, na hiyo ndio inasahaulika sana kwa sababu mama karudi kazini na mlezi anadhani mama ameshapeleka. Omba ruhusa ya siku hiyo mapema. Mbele kuna vitamini A akifika miezi 6 na surua miezi 9 alafu tena miezi 18, piga picha ukurasa huo umtumie mlezi kwa simu awe anajua na yeye, walezi wa nyumbani wengi wananikumbushia wao kabla ya mama.

Maziwa. Mpaka miezi 6 ni ziwa la mama tupu, si maji, si uji, si dafu, na asali hata kulambishwa kidogo isiwe kabla hajatimiza mwaka kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyompa mtoto mchanga ugonjwa mbaya sana wa kulegea mwili. Mama wa watu anaweza kumpa kwa nia njema kabisa ndivyo alivyolelewa yeye, kwa hivyo mwambie kwa adabu siku ya kwanza. Anza kukamua sasa usingoje siku ya boti. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama saa 4 kwenye chumba cha nyuzi 25, na Lamu mchana tunapita hapo, kwa hivyo yabebwe na barafu yakifika yaingie kwenye friji ambako yanaweza kukaa mpaka siku 4. Yasichemshwe, kikombe kitiwe ndani ya maji ya moto mpaka ubaridi uishe. Na anyweshwe kwa kikombe kidogo, chupa ni shida kuisafisha na kuharisha kwingi kunaanzia pale kwenye chuchu ya plastiki. Kazini kwako uliza chumba, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha ama kukamua, usikubali kuambiwa uende chooni.

Kanga ya mama naikubali sana ila akilala mwenyewe mtoto alale chali, bila mto na bila nguo karibu na uso, na chandarua mchana pia.

Sasa birika. Mimi ngazi zinanitia hofu lakini birika la choo linanitia hofu zaidi. Wale samaki wadogo tunaowaweka ili wale viluwiluwi vya mbu ndio hao hao wanaomvuta mtoto achungulie, kapanda ukingo kainama kichwa ndicho kizito. Na mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu, tena anazama kimya, hakuna kupiga kelele kama watu wanavyodhani. Ukienda tena ingia mpaka chooni usione haya. Angalia kama birika lina mfuniko na mlango una komeo juu ambapo mtoto hafiki, na ndoo zikiisha maji zinageuzwa.

La mwisho ni hili la wingi wa watoto. Nyumba yenye wanne mafua na kuharisha hakuzunguki kama ukumbi wenye thelathini, hasa kwa hawa wa chini ya mwaka mmoja. Mimi mwenyewe nesi, wangu wote wawili wamelelewa kwa jirani.

Mwalimu_wa_PP1:

Hao wenzako wa ofisini waambie mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, amesema mtoto haji shule mpaka miaka 4, kwa hivyo una miaka mingi mbele yako na hakuna herufi inayomkimbia. Anayeingia darasani kwangu akijua kungoja zamu yake, kuvaa ndara zake, kusema nataka kukojoa, kusikiliza hadithi mpaka mwisho, huyo herufi namfundisha bila shida. Anayeingia anaimba alfabeti yote lakini hajawahi kugawana kitu na mtu, huyo tunaanza naye mbali. Na hayo ya kwanza yote yanapatikana kwenye nyumba yenye watoto wa umri tofauti. Mdogo anamuiga mkubwa, mkubwa anajifunza kumwangalia mdogo, ukiwaweka wa umri mmoja ishirini chumba kimoja watamuiga nani?

Nina mtoto darasani mwaka huu mamake na babake wote ni wa bara, alilelewa kwa nyanya mmoja wa Kiamu. Anaongea Kiamu kitupu, yaani Kiswahili cha Lamu, leo ni "yeo", macho ni "mato". Wiki za kwanza alipoanza kusema mamake aliniambia kila mtoto akimwita "ndoo! ndoo!" yeye alikuwa anamletea ndoo ya plastiki, kumbe anaambiwa njoo. Sasa huyo kijana ana lugha ya kwao, ana Kiswahili cha redioni, na vitendawili anavyo kuliko mimi, nikisema kitendawili yeye ndiye wa kwanza kujibu tega. Mdako wanaocheza kwa yule nyanya na vijiwe ndio umemfundisha kutoa na kujumlisha, mimi nimempa majina tu ya kile anachokijua.

Na si jambo la kuonea haya hili la vifuu na kombe. Ule mpango wa Madrasa wa Aga Khan Foundation ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mwanzilishi wa kuwafundisha walimu, ulijengwa na vitu vya mazingira yetu, vifuu, mbegu, makombe, na akina mama wa mtaani waliopewa mafunzo wakawa walimu, na ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Aliyenifundisha mimi alipitia huko. Ndio maana nasikitika kuona mama kama huyu wa Mkomani miaka 9 hajawahi kuitwa hata kwenye mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza. Katiba ya 2010 imeweka elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, na kina mama hawa ndio vituo tulivyonavyo. Tunaomba waandikishwe wasaidiwe, wapewe mafunzo na mifuniko ya mabirika, si kuja kufungiwa ati hawana bango.

Binti_wa_Voi:

Nimerudi jamani, samahani kwa kimya, ni wiki ya tatu sasa nimeanza kazi.

Nilifanya mlivyoniambia. Nilienda bila taarifa mara mbili, ya saa nane nilimkuta amechoka kweli, ametandika mkeka watoto wamelala amelala katikati yao jicho moja liko wazi, akaniashiria nivue viatu nisiwaamshe. Watoto walikuwa wale wale watano. Niliingia mpaka chooni kama alivyosema nesi. Birika lilikuwa wazi. Nilimwambia nikiona haya na yeye hakukasirika, alisema hata yeye limekuwa likimsumbua akili ila mfuniko ni pesa. Mume wangu aliporudi kutoka baharini alichukua mbao tulizokuwa nazo juu akapiga mfuniko wenye bawaba, na zilizobaki akafanya mlango mdogo wa kuzuia ngazi, siku nzima ya Ijumaa baada ya sala alikuwa huko na watoto wamemzunguka kila mmoja ameshika msumari wake. Sasa anawajua majina wote.

Ya asali nilimwambia pia. Alicheka akasema yeye alilambishwa na mamake, alafu akanyamaza akasema sawa, huyu ni wako, tutafanya unavyotaka. Nilipenda alivyosema tutafanya.

Siku ya kwanza nililia kwenye boti mpaka Mokowe, mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono njia nzima bila kuniuliza kitu. Sindano ya wiki 14 imeshadungwa, na kweli mama mlezi ndiye aliyenikumbusha. Chumba cha kukamua ofisini bado tunafuatilia, kwa sasa natumia stoo ina komeo.

Juzi Jumanne ndio siku niliyoelewa. Kusi lilivuma vibaya, boti ya saa kumi na moja haikutoka, tukakaa gatini Mokowe mpaka giza likaingia na simu yangu imezima chaji. Nimefika Langoni saa mbili kasoro usiku nakimbia kwenye vichochoro viatu mkononi. Nikapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, na aliyefungua ni yule msichana wa miaka 4 ambaye mamake pia alikuwa kwenye boti ile ile nyuma yangu, akaniwekea kidole mdomoni akasema "wamuamsha." Mtoto wangu amelala chali ndani ya chandarua ameoga ametolewa yale maudongo ya shingoni ninayoyasahau mimi, kanga yangu imefungwa pale kwenye mguu wa kitanda, na mama wa watu amekaa chini anampepea na kipepeo mkono mmoja, mkono mwengine anakula ugali wake. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliniuliza umekula?

Sikumbeba hapo hapo. Nilikaa chini nikala na yeye, samaki wa kupaka na ugali uliopoa kidogo, na mwanangu akaamka mwenyewe akageuza kichwa akanisikia nikiongea, na ile miguu Mama Yusra, ile miguu uliyoisema.

Nina ombi moja. Chandarua cha hapo kwake kimetoboka nimekishona mara mbili hakishoneki tena. Mwenye kujua duka linalouza vile vidogo vya kitanda cha mtoto hapa Lamu aniambie nataka nimpelekee Ijumaa.

Mama_Yusra_Mkomani:

Usinunue. Ninacho kimoja hakijatolewa hata kwenye karatasi yake, niandikie nyumba iko kichochoro gani nitakituma kesho na kijana wa punda akishuka Langoni.